Mashine Iliyonusa Waandishi

Mashine ilikuwa ndogo kuliko watu walivyotegemea. Kimo chake kilikuwa kama cha jokofu la dukani, rangi ya majivu, na mbele yake palitoka mrija mmoja wa shaba uliopinda kuelekea chini. Ukiweka karatasi chini ya ule mrija, au ukiirushia maandishi kutoka kwenye kioo cha simu yako ya kiganjani, ilinguruma kidogo, ikanyamaza, halafu ikataja jina la mtu. Siyo jina lililoandikwa pale. Jina la aliyeandika.

Waliiita Mnusaji, na tangu siku ya kwanza watu walimtaja kama mtu.

Jumamosi ile asubuhi wakubwa wa Jiji la Nyambeho walimtoa uwanjani, mbele ya jumba lao, ili wananchi wamwone kwa macho. Bwana Evarist Lukuba, Mkurugenzi wa Mawasiliano, mtu mwenye sauti laini na viatu vinavyong'aa kuliko kazi yake, aliomba watu watano wajitokeze. Kila mmoja aandike sentensi nne juu ya jambo lolote, asiweke jina. Wakaandika. Mnusaji akawataja wote watano, sekunde nane kila mmoja, majina matatu matatu pamoja na nambari ya nyumba. Watu wakapiga makofi. Wengine walicheka, kile kicheko cha mtu ambaye upepo umempeperushia kofia mbele za watu.

Aliyemuunda alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, Injinia Atuganile Mwaisaka. Alieleza taratibu, bila madoido. Kila mtu, alisema, ana mwendo wake wa maneno kama alivyo na mwendo wake wa miguu. Kuna anayeanza mbali akifika karibu anasita, kuna anayerudia neno moja kila baada ya hatua kumi, kuna anayeomba radhi kabla hajakosea. Mwenyewe hajijui, ila akili mnemba iliyomo ndani ya Mnusaji inaujua mwendo huo. Kwa miaka miwili walikuwa wamemlisha barua zote ambazo jiji lilipokea tangu miaka arobaini iliyopita: maombi, malalamiko, rufaa, na hata barua za kuomba ruhusa ya kufuga kuku. Kila mwendo uliwekwa kwenye kumbukumbu pamoja na jina lililokuwa chini ya barua.

Katika kundi la watu, karibu na bomba la maji, alisimama mzee mmoja mwembamba ameshika kopo la mafuta mazito. Aliitwa Bakiri Nampembe. Kazi yake ilikuwa kupaka mafuta viungo vya wauguzi chuma, yale maroboti yanayotibu watu kwenye zahanati za mitaa. Siku hiyo alikuwa amevaa shati safi la kola, lililopigwa pasi, maana alijua kinachofuata, na hakutaka akikamatwa aonekane ovyo.

Bwana Lukuba akafika pale alipokuwa anapataka. Akawakumbusha watu Sheria ya Jina Wazi, ya kwamba kila anayeandikia umma kwenye mtandao aandike kwa jina la kitambulisho chake, kwa sababu mtu mkweli hana haja ya kujificha. Lakini ipo blogu moja, alisema, ambayo kwa miezi kumi na minne imekuwa ikiwachafua viongozi bila jina. Blogu hiyo inaitwa Dakika Kumi na Moja. Leo itapata jina.

Akaikabidhi blogu nzima kwa Mnusaji. Bakiri alihesabu zile sekunde nane kama anayehesabu ngazi za kushuka. Akavuta pumzi.

"Tekla Haule," Mnusaji akasema kwa ile sauti yake isiyo na joto wala baridi. "Nyumba nambari sitini, Mtaa wa Kichangani. Uhakika, tisini na saba kwa mia."

Kopo la mafuta lilimponyoka mzee Bakiri likadondokea kwenye kidole chake cha mguu, na hakusikia maumivu.

* * *

Tekla Haule alikuwa jirani yake, mlango wa pili, mwalimu wa chekechea, na hakuwa ameandika hata neno moja la blogu ile. Aliyeiandika yote ni Bakiri.

Aliianza kwa sababu ya mkewe. Wauguzi chuma wa Nyambeho wana mikono myepesi kuliko binadamu, na kinachowakwamisha ni ruhusa. Hawachomi sindano, hawafungui mtungi wa hewa, hawafanyi lolote mpaka waombe kibali kutoka Kituo cha Maamuzi kule mlimani, na Kituo kikizidiwa na maombi, hujibu kwanza kata za juu, wanakoishi hao hao waliokipanga. Kata za chini zinangoja. Roboti linasimama na sindano mkononi, limekuangalia.

Somoe Mfaume, mke wa Bakiri, alibanwa na pumu Jumanne moja saa nne asubuhi. Bakiri alimfikisha zahanati akiwa bado anasema. Muuguzi chuma akaitambua pumu papo hapo, akavuta dawa kwenye sindano kwa kipimo sahihi, akasimama. Tafadhali subiri, akasema, ombi lako linashughulikiwa. Bakiri alimsihi, akamtukana, mwisho akampiga kwa kigoda. Baada ya dakika kumi na moja kibali kilifika. Lile roboti likachoma sindano vizuri kabisa, mahali panapotakiwa, kwenye mkono wa mtu aliyekwisha kufa, kisha likamshukuru kwa subira yake. Kwenye cheti wakubwa waliandika kwamba mgonjwa alicheleweshwa na ndugu.

Neno hilo, ndugu, ndilo lililomfanya Bakiri awe alivyo. Hakupigana na mtu. Aliacha kazi ya kulainisha maroboti ya stendi, akaomba kupaka mafuta ya zahanati, na wakampa kwa sababu hakuna aliyekuwa anaitaka. Alikuwa ameliona jambo dogo ambalo mainjinia wenye vyeti hawakulifikiria. Mgongoni mwa kila muuguzi chuma pana kidirisha kinachoonyesha roboti lilisimama tuli kwa dakika ngapi wiki hiyo, ili mpakaji mafuta ajue kiungo kipi kimekauka kwa kusimama. Bakiri alizungukia zahanati tisa kila wiki. Alipaka mafuta, akasoma vidirisha, akauliza kwa upole ni nani aliyekuwa kitandani siku ile, akarudi nyumbani kuandika. Bila jina. Kwa jina lake angedumu siku moja tu, na vidirisha vingefunikwa kwa bati.

Alikuwa ameishia darasa la tatu. Kusoma na kuandika kwa maana ya kweli alifundishwa na Somoe baada ya ndoa. Somoe ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua wa mtaa mzima. Mtu akiwa na shida na serikali, alikuja na shida yake na kipande cha sabuni au mafungu mawili ya mchicha, akasimulia, Somoe akaandika, mwenye shida akatia jina lake. Halafu Somoe alimpa mumewe barua hizo azinakili, ili mkono uzoee. Kwa miaka mingi Bakiri hakunakili kitu kingine. Na yeye mwenyewe hakuwahi kupeleka barua serikalini. Ya nyumbani kwao Somoe aliandika kwa jina lake mwenyewe.

Alipokuwa akichechemea kutoka uwanjani ndipo alipouona ukweli huo wote kwa mara moja. Barua za Tekla, za kuomba kufungua chekechea, za kuomba paa, za kuomba vyoo, za kukumbushia vyoo, zote ziliandikwa na Somoe, na hakuna mwingine aliyeandikiwa nyingi kama yeye. Mnusaji hakukosea harufu. Alikosea mtu.

* * *

Alimkuta Tekla kwenye darasa lake, amekaa juu ya kiti cha mtoto, magoti karibu yaguse kidevu. Alikuwa anabandua herufi za rangi ukutani moja moja. Wajumbe wa jiji walikuwa wamekwisha pita. Chekechea imefungwa mpaka Jumatano, siku ya shauri. Akitiwa hatiani, atanyang'anywa kibali cha kufundisha kwa miaka kumi, na jina lake litawekwa kwenye ubao wa majina ya waongo pale stendi, ule unaowaka mchana na usiku. Watoto arobaini na wawili watafute pa kwenda, na Kichangani hakuna pengine.

Bakiri alisimama mlangoni asijue aanzie wapi. Tekla akamwanzishia.

"Karibu, shemeji. Umevaa shati la Idi, ulidhani wewe ndiye bwana harusi leo?"

Bakiri akamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu makala ya pili. Mji huu mzima, nani mwingine anaandika 'tunakuja mbele yenu kwa heshima na kwa hasira'? Hayo ni maneno ya marehemu. Alinitilia kwenye barua ya vyoo, na vyoo vikajengwa." Akabandua herufi nyingine. "Nilikuwa nasoma jioni, najiambia, Somoe bado anawasumbua."

Bakiri aliketi kwenye kiti kingine kidogo. Alimwambia kwamba Jumatano ataenda yeye kusema. Tekla hakufurahi kama alivyotegemea. Alimwambia afikirie. Akijitaja atafukuzwa kazi, na akifukuzwa, nani atasoma vidirisha? Ile zahanati ya Mbuyuni iliwekewa mtungi wa hewa wa akiba kwa sababu ya blogu. Yeye Tekla anaweza kuuza vitumbua miaka kumi, hatakufa. Mama yake aliuza thelathini. Alisema hayo huku akiikunja herufi ya R mara nne.

Mzee akajitetea, maana hatia hupenda kujitetea. Alisema hakuficha jina kwa woga. Alilificha ili kazi iende.

"Najua," Tekla akasema. "Na sikulaumu. Ila jina lako umelificha wewe, shemeji. La kwangu nani atanifichia? Limetangazwa uwanjani kwa kipaza sauti."

Bakiri akainuka, akaanza kubandua naye. Siku zote alikuwa amefikiri kwamba mtu asiyetaja jina anaweka hatarini ukweli wake tu, kwamba watu watasema ni porojo. Hakuwahi kufikiri kwamba pengo la jina ni pengo kweli, na kwamba wakubwa wakikuta pengo watachukua mtu yeyote aliye karibu walizibe naye.

Walimalizia kubandua herufi pamoja. Bakiri alipoondoka, Tekla alimwambia jambo moja tu, kwamba lolote atakaloamua, asije akasema yeye ndiye aliyemtuma.

* * *

Jumatano chumba cha shauri kilijaa. Kichangani yote ilikuwa imeshuka, kina mama na kanga zao, mafundi na mikono yao ya grisi. Bwana Lukuba alikaa mezani na wajumbe wawili ambao kazi yao ilikuwa kutikisa kichwa. Mnusaji alisimama pembeni, na Injinia Mwaisaka kando yake.

Tekla alipoulizwa kama ameandika, alisema hapana. Alipoulizwa basi ni nani, alisema yeye ni mwalimu wa chekechea, kazi yake ni kufundisha watoto wasisemeane. Watu wakacheka, Bwana Lukuba akagonga meza.

Ndipo Bakiri aliposimama. Kidole kilikuwa bado kimevimba, akaegemea kiti cha mbele.

"Niliandika mimi," akasema. "Bakiri Nampembe, mpakaji mafuta wa zahanati."

Hakuna aliyemshika. Hilo ndilo lililomshangaza. Bwana Lukuba alimtazama kwa huruma, akaomba kumbukumbu zake zisomwe. Zikasomwa kwa sauti: elimu, darasa la tatu. Barua kwa serikali, hakuna hata moja. Mkataba wa kwanza wa kazi, ametia dole gumba. Bwana Lukuba akageukia watu, akasema wanaona wenyewe, huyu ni jirani mwema anayetaka kumwokoa jirani. Moyo wa namna hii unasifika, lakini blogu ile iliandikwa na mtu aliyeelimika.

Miaka yote Bakiri alikuwa amewachukia kwa sababu hawamsikilizi. Sasa amekuja kuwakabidhi kichwa chake mwenyewe na bado hawamsikilizi. Alitaka kucheka, akashindwa.

Injinia Mwaisaka ndiye aliyeomba nafasi. Alisema jambo hili si la kubishania wakati mashine ipo. Mzee apewe karatasi aandike hapa hapa. Bwana Lukuba akasema huenda amekaririshwa. Basi Mkurugenzi achague mwenyewe jambo la kuandika, injinia akasema. Bwana Lukuba akainua mabega. Aandike chochote, hata habari za viatu vyake yeye Mkurugenzi.

Bakiri akainama. Aliandika polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo, chumba kizima kikisikiliza kalamu. Ilimchukua karibu nusu saa, kwa mistari sita. Injinia aliichukua karatasi akaisoma kwa sauti, na uso wake haukubadilika.

"Tunakuja mbele ya viatu hivi kwa heshima na kwa hasira. Ni viatu vizuri, na aliyevishona hana kosa. Havina vumbi kwa kuwa havijafika zahanati ya Kichangani, ambako vumbi liko la kutosha wote. Tungeomba vije siku moja tu. Visimame pale kitandani, visubiri kibali, kama miguu yetu inavyosubiri. Baada ya hapo vinaweza kurudi kung'aa."

Kicheko kilianzia nyuma kikafika mbele kama maji. Injinia akaiweka karatasi chini ya mrija wa shaba. Sekunde nane.

"Tekla Haule. Nyumba nambari sitini, Mtaa wa Kichangani. Uhakika, tisini na nane kwa mia."

Kicheko kikakatika. Tekla alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono yake miwili juu ya mapaja, mbele ya macho ya kila mtu. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Bakiri.

Injinia Mwaisaka akamuuliza mzee, kwa sauti ya chini kama wako wawili tu, ni nani aliyemfundisha kuandika. Bakiri akamwambia. Akamweleza habari za mchicha na sabuni, na barua za kunakili. Injinia akasema kwamba kwenye kumbukumbu za Mnusaji majina ya marehemu yaliondolewa, ili kumpunguzia mzigo, kwa sababu walidhani marehemu haandiki. Akagusa vitufe kadhaa, akawarudisha. Akaipitisha karatasi mara ya pili.

"Somoe Mfaume," Mnusaji akasema. "Nyumba nambari sitini na mbili, Mtaa wa Kichangani. Uhakika, mia kwa mia. Hali, marehemu."

Mama mmoja nyuma aliita jina la Mungu. Bakiri alikaa chini. Kwa miaka mitatu hakuwa amesikia mtu yeyote mwenye cheo akilitaja jina la mkewe, na sasa lilikuwa limetajwa pale, katika chumba chao, na mashine yao, bila shaka hata chembe. Hakulia. Alikaza macho kwenye ule mrija wa shaba kama anayengoja useme tena.

Lakini injinia alikuwa hajamaliza. Alimuuliza Mnusaji ni barua ngapi za jiji zilizo na mwendo wa Somoe Mfaume. Jibu likaja, mia tatu na kumi na mbili, chini ya majina ya watu themanini na wanane. Wengi wao walikuwa mle chumbani, wakaanza kutazamana. Injinia akapauka. Kabla ya siku ile ya uwanjani Mnusaji alikuwa amefanyiwa majaribio, na kwa neno lake watu kumi na wanane wa mitaa mbalimbali walikuwa wamekwisha adhibiwa. Injinia, aliyekulia kwenye nyumba yenye vitabu, hakuwahi kujua kwamba kila mtaa wa watu wa chini una mtu wake wa kuwaandikia.

Shauri likafungwa haraka haraka. Tekla aliachiwa, kibali chake kikarudishwa mikononi mwake na karani asiyemwangalia usoni. Bakiri alifukuzwa kazi alasiri hiyo hiyo.

* * *

Ijumaa watoto arobaini na wawili walirudi darasani, na kelele zao zikamfikia Bakiri nyumbani kwake, mahali alipokuwa amekaa hana la kupaka mafuta.

Aliendelea na blogu, sasa ikiwa na jina lake juu. Mambo mawili yalitokea. Kwanza, watu walianza kuja mlangoni. Mwanamke wa Mbuyuni alimletea uji wa ulezi kwa sababu ya ule mtungi wa hewa. Kijana mmoja wa kata za juu alikuja kumtukana, akapewa kiti, akatukana akiwa amekaa, mwisho akauliza Somoe alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna hata mmoja wa hawa ambaye angekuja kwa mtu asiye na jina. La pili ni kwamba hakuwa tena na habari. Vidirisha vya migongoni vilifunikwa kwa bati kama alivyojua. Wiki tatu mfululizo aliandika kumbukumbu tu, na kumbukumbu haimlazimishi mkubwa kufanya lolote.

Wiki ya nne, siku ya Alhamisi, adhuhuri, Injinia Mwaisaka alibisha hodi.

Bakiri alimkaribisha kwa sababu mgeni ni mgeni, lakini maji alimpa kwenye kikombe cha bati. Yule mama alikunywa yote. Alisema alikuwa ameomba Mnusaji asimamishwe na wale kumi na wanane wasikilizwe upya. Kwa wale kumi na wanane wamekubali, kesi ya kwanza ni mwezi ujao. Kwa Mnusaji wamesema watalitazama. Halafu akatoa karatasi nne kwenye mkoba, akaziweka mezani. Zilikuwa mpangilio wa foleni wa Kituo cha Maamuzi, na sahihi ya mkubwa aliyeamuru kata za chini zingoje. Ukurasa wa mwisho ulionyesha jambo ambalo hakuna mwananchi aliyelijua. Wauguzi chuma wana swichi ya kuamua wenyewe papo hapo pindi mgonjwa akiwa hatarini. Walitengenezwa nayo. Ilizimwa kwa amri ya mstari mmoja, na inaweza kuwashwa kwa amri ya mstari mmoja. Madiwani wanakutana Jumatatu.

Bakiri alisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye ile swichi alisimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Kwa nini usiandike mwenyewe? Una jina kubwa."

Injinia alisema hawezi, maana yeye pia ni mtumishi wa Kituo cha Maamuzi. Akijulikana atatolewa Kituoni siku hiyo hiyo, na ndani hakuna mwingine anayejua kuiwasha swichi bila kuyaharibu maroboti. Aliomba jina lake lisitajwe.

Mzee alihisi uchungu wake wote ukirudi, na ulikuwa mtamu. Hii ilikuwa sababu yake mwenyewe, neno kwa neno, inatoka kwenye mdomo wa mtu aliyeunda mashine ya kuwafichua watu. Alimuuliza liko wapi sasa lile neno lao la kwamba mtu mkweli hana haja ya kujificha.

Injinia hakujitetea. Alimweleza habari za mdogo wake, Ipyana, aliyekuwa daktari. Blogu isiyo na jina ilimsingizia kwamba anauza dawa za wagonjwa. Haikuwa kweli, lakini hapakuwa na wa kubishana naye. Ipyana aliacha udaktari, akaacha mji, sasa hata simu hapokei. Ni kwa ajili yake kwamba alimuunda Mnusaji.

Bakiri alipenda kuwachukia watu hawa wakiwa kundi zima, ilikuwa rahisi, na huyu mmoja alikuwa anamharibia.

"Huyo aliyemsingizia mdogo wako," akauliza mwisho, "kilichokuuma zaidi ni nini? Kwamba hukumjua?"

Mwanamke akafikiri. "Hapana. Kwamba hapakuwa na mlango wa kubisha. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia, thibitisha."

"Basi wabishe kwangu," mzee akasema.

Alivuta kiti mezani. Alimwambia injinia akae amsomee zile karatasi polepole, kipande kwa kipande, kwa sababu hataweka hata sentensi moja kama ilivyo. Kule jijini Mnusaji bado yuko macho, na mwendo wa injinia usionekane. Kila kitu atakisema upya kwa mdomo wake. Kila alichotilia shaka aliuliza, na palipokuwa pagumu aliuliza mara tatu, maana yeye ndiye atakayeulizwa. Injinia, ambaye hakuwahi kuulizwa namna hiyo na wakubwa zake, alijibu yote, na mahali pawili alikiri kwamba hana uhakika, wakapafuta. Alasiri ilikuwa inaingia walipomaliza. Injinia aliondoka kwa mlango wa uani, kupitia kwa Tekla, aliyempa herufi za karatasi azibebe mkononi ili aonekane mzazi wa mtoto.

Bakiri alibaki peke yake na mistari ya mwisho. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akairusha kwa jiji zima:

"Haya sikuyaona kwa macho yangu. Nimepewa na mtu ninayemjua, nimemhoji, nimemwamini. Jina lake silitoi, wala msichukue la jirani. Mwenye swali, mwenye ubishi, na mwenye pingu, aje nyumba nambari sitini na mbili, Mtaa wa Kichangani. Nipo siku nzima. Kazi mmenifukuza wenyewe. Bakiri Nampembe."